Fimbo ya Njano na Kamba Nyekundu ya Kaka Yetu Verlon Hargett

Ni mwaka mmoja sasa, kaka Verlon, tangu boti yako ikutwe ikizunguka peke yake katikati ya Bwawa la Chitowah, injini inanguruma na kiti kitupu. Ilizunguka hivyo toka alfajiri hadi petroli ilipokwisha. Watu waliokuwa darajani waliipungia mkono. Walidhani umeinama unafunga chambo.

Ulipatikana siku ya tatu. Hukuwa umekwenda mbali. Ulikuwa chini, kwenye barabara ya zamani ya shamba la babu, ile iliyozamishwa bwawa lilipojengwa, kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Mzamiaji alikukuta ubavuni mwa nguzo ya lango la babu. Alisema ulikuwa umelala vizuri, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta wamefunga, akaamua kungoja.

Anayeandika tangazo hili la gazetini ni mimi, Rayford, mdogo wako. Majirani watajiuliza kwa nini mimi na si binti yako Kelsie, aliyesoma. Wataona.

Tunakukumbuka kwa kazi yako. Miaka thelathini na moja ulitengeneza mabasi ya shule ya wilaya hii. Siku za baridi kali ulitangulia karakana kabla ya madereva, ukawasha mabasi yote kumi na tisa, watoto wakakuta viti vina joto. Hakuna aliyekutuma. Dereva mmoja aliniambia msibani kwamba alidhani mabasi yote ya dunia yanaamka yenyewe.

Tunakukumbuka kwa samaki. Wajane wa kanisani waliamka wakakuta minofu ya samaki wa besi kibarazani, imeoshwa, imefungwa kwenye mfuko wa mkate. Hukugonga mlango hata siku moja. Ulisema mtu akigonga anataka kushukuriwa.

Ulimimina karanga ndani ya chupa ya soda, ukanywa na kutafuna pamoja. Kanisani uliimba kwa sauti kubwa na vibaya. Mchungaji alikuomba mara mbili usimame mlangoni kupokea wageni, na hukujua kwa nini.

Na tunakukumbuka kwa fimbo zako za kuvulia. Zilikuwa ishirini na tatu, zote za aina moja, zile ambazo gurudumu la mshipi hukaa juu ya fimbo, chini ya dole gumba lako. Mkeo Wynelle alikuwa anasema una wake ishirini na wanne, na anayepika ni mmoja tu.

Ulinifundisha kwamba kila fimbo ina kazi yake. Hii ya chambo cha chura wa mpira, ngumu, ya kumng'oa besi kwenye majani. Hii ya mnyoo wa mpira, yenye ncha inayosikia. Hii ya chambo cha kuzamia. Mtu aliyekuja na fimbo moja ya kila kitu ulimwita seremala mwenye nyundo tu. Na ulinifundisha dole gumba. Gurudumu lile halitoi mshipi mpaka ubonyeze kitufe, na ukishabonyeza, dole libaki juu yake likilituliza mpaka chambo kiguse maji. Ukiondoa dole, mshipi unafumukia mlemle ndani kama nywele za mtu aliyeamka. Mimi nimevua miaka arobaini na bado unanifumukia. Wewe sikuwahi kuuona umekufumukia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Walipoivuta boti yako nchi kavu, askari mmoja, naibu wa sherifu, alikuta kibanio cha nguo kimebanwa kwenye swichi ya injini. Kila mvuvi wa besi anajua maana yake. Boti zetu zina mbio kuliko magari ya baadhi yetu, kwa hiyo kuna kamba fupi nyekundu: upande mmoja kwenye swichi, upande wa pili kwenye jaketi la kuokolea ulilovaa. Ukirushwa nje, kamba inachomoka, injini inazima, na boti inakungoja. Bila kamba injini haiwaki. Lakini mwenye haraka anaweza kuidanganya swichi kwa kibanio cha nguo.

Jaketi lako lilikuwa kitini, limekunjwa. Kwako jaketi na kamba vilikuwa kitu kimoja. Asubuhi ile kamba haikuwepo, na jaketi nalo hukulivaa.

Kibanio kilikuwa cha Wynelle, cha mbao, kimoja cha vile alivyokuwa amevipaka bluu. Kwenye duka la chambo la Hoyt Stegall, rafiki yako, watu walisema Verlon aliuawa na kibanio cha mkewe, na wengine walicheka. Maneno yalimfikia Wynelle. Alianua vibanio vyote akavichoma pamoja na majani makavu. Aliishusha picha yako ukutani. Halafu mbele yangu, mezani, na mkate wa mahindi ukiwa bado wa moto, alimwambia Kelsie, "Baba yako alijua hatari yake. Alituuza kwa kibanio."

Mimi nilikunywa chai yangu ya barafu nikanyamaza.

Nilinyamaza, Verlon, na wewe unajua kwa nini. Kamba yako nyekundu ilikuwa ndani ya droo ya mbele ya pikapu yangu.

Nilikuwa nimeichukua Ijumaa jioni, wewe ukiwa ndani unakula. Yangu ilikuwa imekatika, na Jumamosi nilikuwa na mashindano kwenye bwawa jingine. Nilitaka kuirudisha Jumamosi mchana, usijue. Sikukwambia kwa sababu ungenitania mbele za watu: Rayford ana boti ya bei ghali, lakini kamba anaazima. Basi. Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine kubwa zaidi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu, wenye bwawa walipoyashusha maji kama kila kipupwe, watu walishuka kwenye tope lililokauka kuokota vyambo vilivyonasa kwenye visiki. Hoyt huwa wa kwanza. Siku hiyo alinipigia simu.

"Rayford, njoo dukani."

"Kuna nini?"

"Njoo tu, bwana. Sitaki kulisemea kwenye simu."

Nilimkuta ameketi nyuma ya meza yake, na juu ya meza kuna fimbo ya njano. Ile ya nyuzi za kioo, aliyoinunua baba, ambayo ilipotea siku uliyopotea. Fimbo zako nyingine za siku hiyo zilikuwa zimefungwa kwenye boti. Hiyo pekee haikuwepo.

"Ilikuwa imesimama," Hoyt alisema. "Pale kwenye nguzo ya lango la babu yenu. Kitako kwenye tope, ncha juu, kama mtu ameichomeka akaenda kujisaidia na atarudi."

"Maji ndiyo yaliisimamisha."

"Maji huwa yanalaza vitu, Rayford. Na mshipi wake ulikuwa umekazika. Unashuka mpaka kwenye maji yaliyobaki kule bondeni. Nikauvuta."

"Halafu?"

"Ukavutwa."

"Samaki."

"Samaki anakimbia huku na huku. Hiki kilivuta mara moja tu, polepole, kama mtu anayekuuliza we ni nani. Nikakata. Usiniangalie hivyo. Nina miaka sitini na sita, nimekata, na ningekata tena."

Niliichukua fimbo nikaiosha. Gurudumu lake lilikuwa na mchanga mweusi, lakini lilizunguka. Niliitundika bandani kwako na zile nyingine, na toka siku hiyo sikupenda kuingia bandani.

Wiki tatu zilizopita Wynelle aliniita.

"Shemeji, nimechoka kuliona banda hilo. Chagua fimbo zako sita, ndizo boti yako inazobeba. Zilizobaki nazitoa uani Jumamosi, auziwe mwenye kutaka."

"Zote?"

"Zote. Nikilala nazisikia zinagongana. Naambiwa ni upepo."

Siku ya Jumatatu nilikuja na Hoyt. Tuliweka sheria: ukuta wa kushoto za kubaki, karibu na mlango za kuuzwa. Hoyt alikuwa anazishika moja moja, anaitikisa, ananusa mpini kama mtu anunuaye tikiti. Ya chura tuliiweka kushoto bila maneno. Ya mnyoo pia. Kwenye zile nne mpya za kijivu tulibishana nusu saa, yeye anasema zote ni fimbo moja yenye bei nne. Kisha akaishika ya njano.

"Hii je?"

"Inauzwa."

"Unauza fimbo ya baba yenu?"

"Ni nzito. Ya kizamani."

"Ni nzito kwa sababu ni kioo, na ni laini kwa sababu hiyohiyo. Unajua vizuri. Chambo cha kuzamia hakitaki fimbo ngumu. Besi akigonga, fimbo ngumu inamnyang'anya. Hii inamngoja ameze mwenyewe."

"Hoyt, nimesema inauzwa."

"Unaiogopa."

"Na wewe?"

"Mimi naiogopa, ndiyo maana siiuzi." Akaiegemeza karibu na mlango, taratibu, akapangusa mikono yake kwenye suruali.

Jumanne asubuhi fimbo ya njano ilikuwa ukuta wa kushoto. Kwenye msumari wake wa zamani, ule ambao wewe uliitundikia. Niliitoa nikairudisha mlangoni, nikaenda jikoni.

"Shemeji, umeingia bandani?"

"Nikafanye nini? Niliapa sikanyagi humo."

"Fimbo ya njano imehama."

"Basi umeihamisha ukasahau. Na umri huo."

"Kelsie je?"

Kelsie alikuwa anakunywa kahawa kabla ya kwenda kazini. "Baba mdogo, mimi nikizigusa hizo zinafumuka. Baba alinipiga marufuku nikiwa na miaka tisa. Aliniambia niende nikacheze na vitu vyenye maana kama visu."

Wynelle karibu acheke. Akajizuia. Hilo nililiona, na liliniuma kuliko kama angelia. Mwanamke alikuwa anajinyima hata kukucheka, kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu.

Jumatano ilikuwa kushoto tena, kwenye msumari. Safari hii sikuigusa mara moja. Nilisimama nikaitazama. Fimbo ikitundikwa, ncha huelekea juu au chini. Ile ilikuwa imepinda kidogo, kama inapopinda samaki akiwa mbali. Imepindia mlangoni. Nikageuka kuona inatazama nini. Mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na pikapu yangu.

Niliitoa. Niliifunga kwa kamba ya katani pamoja na fimbo nyingine tisa tulizokwisha kuzitenga za kuuzwa, nikakaza fundo kwa goti, nikafunga mlango kwa kufuli. Ufunguo nikaondoka nao.

Alhamisi nilifika saa moja na nusu asubuhi. Jua lilikuwa limeshatoka, uwanja wote una umande. Niliegesha pale ninapoegesha siku zote, nikazunguka nyuma ya nyumba kumsalimu Wynelle aliyekuwa anamwagilia maua yake. Tuliongea juu ya mvua, dakika tano, labda kumi. Nikarudi mbele nikafungua kufuli.

Fimbo ya njano ilikuwa kwenye msumari. Zile tisa zilikuwa bado zimefungwa, na fundo langu liko palepale.

Kutoka kwenye ncha yake mshipi ulikuwa umetoka. Ulipita hewani mpaka sakafuni, ukapita chini ya mlango nilioufungua muda huohuo, ukavuka uwanja. Niliona kwa sababu ya umande. Matone yalikuwa yamejipanga juu yake, yanang'aa, mstari mmoja ulionyooka hatua thelathini. Nilitazama gurudumu. Halikuwa na fundo hata moja, halikuwa na kitanzi hata kimoja kilicholegea. Mshipi ule ulitolewa na mtu aliyebonyeza kitufe na akaacha dole gumba juu.

Niliufuata. Sikuushika, niliufuata tu kwa macho na miguu. Ulifika kwenye pikapu yangu, upande wa abiria, iliko droo. Ulikuwa umefungwa kwenye kishikio cha mlango. Lilikuwa fundo lako, Verlon. Mizunguko sita na kurudi, mkia umekatwa mfupi. Wewe hulilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza. Nililigusa, lilikuwa na unyevu. Umande ulikuwa kila mahali, kwa hiyo sitasema zaidi.

Sijui nilisimama pale muda gani. Wynelle alinikuta.

"Rayford, nini hicho unafanya?"

Niliingia upande wa dereva, nikanyoosha mkono, nikafungua droo kwa ndani. Nikatoka na kamba nyekundu nikamwekea mkononi.

Aliitazama. Aliigeuza. Kwenye kipete chake ulikuwa umeandika V.H. kwa kalamu ya wino mweusi.

"Umeipata wapi?"

"Sikuipata. Niliichukua. Ile Ijumaa, mlipokuwa mezani."

"Ijumaa ipi?"

"Unaijua, shemeji."

Nilimweleza yote, kama nilivyoeleza hapo juu, na halikuchukua muda. Jambo la mwaka mzima lilikwisha kwa maneno ya dakika mbili. Halafu nikatoa simu, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine. Jumamosi ile ulinipigia saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa macho. Niliona jina lako nikaiacha iite. Ukaacha ujumbe, na ujumbe huo sikuwahi kuufuta wala kumsikilizisha mtu.

Niliuwasha. Sauti yako ikatoka pale uwanjani, unatafuna karanga.

"Dogo. Umeiona kamba yangu nyekundu? ... Haya, lala. Usijali, nitatafuta kitu."

Wynelle alikaa chini kwenye majani yenye umande, na nguo zake za nyumbani.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia. Safari ya tatu alifumba macho uliposema usijali.

"Ulikuwa macho?" aliniuliza.

"Nilikuwa macho."

"Ulijua anatafuta nini."

"Nilijua. Niliona aibu."

"Aibu." Alilisema neno hilo kama kitu alichokiokota chini asijue ni cha nani. "Mwaka mzima, Rayford. Mwaka mzima nimelala nimempa mgongo maiti. Alikuwa ameitafuta. Alimpigia hadi ndugu yake. Na mimi nimemwambia mtoto wake kwamba alituuza."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekula mkate wangu wa mahindi." Akasimama. "Ondoka."

"Niufungue mshipi kwanza, gari liweze..."

"Usiuguse! Mkono wako usiguse mshipi huo. Ondoka kwa miguu yako."

Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita. Sikugeuka haraka, nilidhani ni matusi.

"Na tangazo la mwaka wake gazetini utaliandika wewe! Uweke yote. Na jina lako zima."

"Shemeji, mimi shule niliacha nina miaka kumi na mitano..."

"Uongo wa mwaka mzima uliuweza bila shule!"

Nilitembea maili tatu. Nilipitia kwa Hoyt nikamweleza yeye pia, dukani, mbele ya watu wanne. Hoyt alizima redio. Hakuna aliyecheka habari za kibanio. Mmoja wao aliacha kahawa yake akatoka.

Mauzo ya Jumamosi hayakufanyika. Pikapu yangu ilikaa uwanjani kwenu siku nne, imefungwa kwenye fimbo yako kama ng'ombe. Kelsie aliniambia baadaye kwamba waliuruka mshipi ule wakienda na kurudi, na hakuna aliyeukanyaga. Hata mbwa alizunguka. Ijumaa ilinyesha. Jumapili palikuwa na upepo ulioangusha matawi, na mshipi haukulegea.

Mimi nilikaa kwangu. Nilifikiri kuhusu dunia isiyo na nyumba yenu ndani yake. Sina mke tena, unajua, na watoto wangu wako mbali. Nyumba yenu ndiyo nilikokuwa na kikombe changu. Nilijiambia, Rayford, kile kikombe umekinywea mara ya mwisho.

Jumatatu asubuhi Kelsie alipiga simu.

"Baba mdogo, njoo uone."

"Mama yako ameruhusu?"

"Mama ndiye aliyesema nikupigie. Njoo."

Nilipofika pikapu ilikuwa huru. Kishikio cha mlango kilikuwa kitupu. Uwanjani hakukuwa na mshipi. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na Wynelle alikuwa amesimama ndani. Alikuwa ameapa hakanyagi humo, na alikuwa amekanyaga.

Fimbo ya njano ilikuwa kwenye msumari wake, imekauka. Mshipi wote ulikuwa umerudi kwenye gurudumu. Nilisogea nikautazama kwa karibu. Ulikuwa umepangwa mzunguko juu ya mzunguko, sawasawa, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kama unavyoupanga wewe ukiwa huna haraka. Ncha yake ilikuwa imenyooka. Haikuelekea popote.

"Ni wewe uliyeurudisha?" nilimuuliza Wynelle.

"Sijui hata mkono wa gurudumu lake unazunguka upande gani. Nilidhani ni wewe, umekuja kwa siri."

"Ningekuja kwa siri ningeondoka na gari."

Kelsie alisema, "Msiniangalie mimi."

Nje mabasi ya shule yalikuwa yanapita, na hakuna kilichogongana bandani.

Halafu Wynelle akasema, "Zimebaki fimbo ishirini na mbili. Boti yako inabeba sita. Chagua, shemeji, kahawa inapoa."

Alisema shemeji. Nililisikia.

"Na ya njano?"

"Hiyo wewe huichagui."

Basi nimechukua ya chura. Nimechukua ya mnyoo, moja kati ya zile za kijivu, na mbili ndogo ulizoninunulia ukadanganya kwamba ni zako. Ni tano. Nafasi ya sita kwenye boti yangu nimeiacha wazi. Hoyt amepewa mbili bure, akabisha kwamba ni kidogo. Zilizobaki wamepewa madereva wa mabasi. Kamba nyekundu Wynelle ameitundika ukutani pembeni ya picha yako, kwa maana picha yako imerudi. Na mimi nimenunua kamba mbili mpya. Moja imo kwenye boti yangu. Ya pili iko dukani kwa Hoyt, kwenye ndoano karibu na mlango, na yeyote anayehitaji aichukue bila kuomba na bila kutaniwa.

Nyinyi mliosimulia habari za kibanio, sasa mmejua. Verlon Hargett hakuwa mzembe. Aliitafuta kamba yake. Alimuuliza mdogo wake, na mdogo wake hakupokea simu. Jina lililochafuka lilikuwa lake, na lililostahili ni langu. Liko hapo chini.

Kaka, mwezi wa kwanza watayashusha maji tena. Barabara ya babu itaonekana, na nguzo ya lango. Kelsie anasema twende sote watatu, mchana, tusimame pale. Sijui kile kilichomvuta Hoyt kilikuwa nini. Nitakuja na fimbo ya njano ikiwa Wynelle atanipa. Ukivuta, sitakata.

Unakumbukwa na mkeo Wynelle, anayelala sasa ameelekea upande wako wa kitanda. Binti yako Kelsie. Rafiki yako Hoyt Stegall. Madereva wa mabasi kumi na tisa ambayo siku hizi yanaamka baridi. Na mdogo wako, Rayford Eustace Hargett, aliyeichukua kamba.

Daima tutakukumbuka, Verlon, maji yakijaa na maji yakipungua.